Asali Hii ni ya Ua Gani?

Mwaka 1930 mkemia wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, E. K. Nelson, alichapisha makala kuhusu ladha ya asali ya michungwa. Watu waliokulia jirani na mashamba ya machungwa hawakuhitaji mkemia awaambie asali hiyo ni ipi. Chupa ikifunguliwa tu, harufu ya ua hufika puani kabla mtu hajachovya kidole. Nelson alitaka kujua harufu hiyo imebebwa na nini. Ndani ya asali alikuta methili anthranilati, kampaundi ambayo watengeneza manukato walikuwa wakiifahamu, kwa kuwa imo pia katika mafuta ya maua ya mchungwa. Ua lilikuwa limeacha alama yake katika mbochi, yale maji matamu ambayo nyuki huyafuata. Nyuki wakaibeba mbochi hadi mzingani, wakaipunguzia maji, wakaifunika kwa nta, na alama ile bado ilikuwapo.

Kwa michungwa ugunduzi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Machungwa mengi ya California yalikuwa ya aina isiyo na mbegu, iliyotoka Bahia nchini Brazili na kupandwa Riverside mwaka 1873. Mchungwa huo una mbochi ya kutosha, lakini chavua yake haikomai. Na wakati huo, mtu aliyetaka kuthibitisha kisayansi kwamba asali fulani imetoka kwenye mti fulani alikuwa na njia moja tu ya kutegemea, nayo ilikuwa kutafuta chavua.

Njia ya chavua ilianzia Uswisi. Mwaka 1895 R. Pfister alichapisha jaribio lake la kuichunguza asali kwa hadubini, akaonyesha kwamba punje za chavua zilizozama ndani yake zinaweza kutaja nchi ilikotoka. Nyuki akiingia ndani ya ua kunyonya, hupakazwa chavua, na baadhi ya punje huangukia kwenye mbochi. Kila mmea una chavua ya umbo lake: ipo ya duara, ipo ya pembe tatu, ipo yenye miiba, ipo yenye matundu na mifereji. Ganda la punje hizo ni gumu mno, halioziozi. Ukikuta katika chupa iliyoandikwa jina la bonde la Uswisi chavua ya mmea usioota Ulaya, umeshapata jibu lako.

Mwaka 1908 W. J. Young alizichunguza kwa njia hiyo asali za Marekani, na mwaka 1911 C. Fehlmann akazirudia za Uswisi. Huko Erlangen, Ujerumani, Enoch Zander alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya picha za chavua, mmea mmoja baada ya mwingine. Vitabu vyake kuhusu kutambua asili ya asali vilitoka kati ya mwaka 1935 na 1951, Vita Kuu ya Pili ikipita katikati. Lakini mtu ninayemheshimu kuliko wote katika hatua hii ni Anna Maurizio, mwanabotania wa kituo cha Liebefeld karibu na Bern, kwa sababu alikubali kuihoji njia aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe.

Kazi yenyewe ni ya macho na subira. Unachukua gramu 10 za asali, unaziyeyusha katika maji ya vuguvugu, unauzungusha mchanganyiko kwa kasi katika mashine mpaka chavua ishuke chini ya kichupa, unamwaga maji, unaweka mashapo kwenye kioo cha hadubini, kisha unakaa kuhesabu punje kwa mamia, kila moja ukiitaja kwa jina la mmea wake. Maurizio na wenzake waliona kwamba hesabu hiyo ikiachwa peke yake hudanganya. Mti wa chesnati humwaga punje ndogondogo kwa wingi wa ajabu, hivi kwamba mbochi yake kidogo tu huifanya asali nzima ionekane kuwa ya chesnati. Lavenda na michungwa ni kinyume chake: mbochi nyingi, chavua haba. Isitoshe, nyuki mwenyewe ni mchujaji. Kwenye kibofu chake cha asali kuna kilango kinachonasa chavua njiani, na punje kubwa hunaswa kuliko ndogo. Kwa hiyo kinachoonekana chini ya hadubini ni chavua iliyosalia, nayo si kipimo cha moja kwa moja cha mbochi iliyoingia mzingani.

Mwaka 1970 Maurizio, pamoja na Jean Louveaux wa Ufaransa na Günther Vorwohl wa Ujerumani, walitoa kanuni za kazi hiyo, zikarekebishwa mwaka 1978. Kwa desturi asali huhesabiwa kuwa ya ua fulani chavua ya ua hilo ikifikia asilimia 45. Chesnati hudaiwa zaidi, hata asilimia 90 kwa baadhi ya wakaguzi, na michungwa huachiwa ipite kwa asilimia 10 au 20. Marekebisho hayo ya asilimia hayakuandikwa kwa kubuni. Yalitokana na asali ambazo asili yake ilijulikana, zilizotoka kwenye mizinga iliyowekwa katikati ya miti inayojulikana. Tuendelee na historia tukilishika jambo hilo, kwa sababu kila chombo kilichofuata, hata kikiwa cha gharama gani, kimetegemea asali za aina hiyo.

Wamarekani waliingia kwa mlango mwingine. Karibu na Philadelphia, katika maabara ya Wizara ya Kilimo, Jonathan W. White alipima asali kama mkemia apimavyo: sukari zake, asidi zake, madini yake, maji yake. Mwaka 1962 yeye na wenzake walitoa ripoti ya sampuli 490 za asali za Marekani. Kulikuwa na asali zilizojitenga, kama ile ya mti wa tupelo wa Florida, ambayo ina fruktosi nyingi na kwa hiyo hukaa miaka bila kuganda. Nyingi, hata hivyo, ziliingiliana. Glukosi ni glukosi, iwe imetoka kwenye ua la karafuu au la alizeti, na zaidi ya asilimia 95 ya kile kinachobaki ukiiondolea asali maji ni sukari. Aliyetaka kulijua ua ilimbidi alitafute katika ile sehemu ndogo iliyosalia.

White alirudi pia kwenye methili anthranilati ya Nelson, na mwaka 1966 akachapisha vipimo vyake katika asali za jamii ya michungwa. Kampaundi hiyo ilikuwapo kweli, lakini ina tabia ya kutoroka: ni ya harufu, na harufu hupotea asali ikipashwa moto au ikikaa ghalani. Asali halali ya michungwa ingeweza kushindwa mtihani kwa sababu ya uzee tu. Jibu lilisubiri mpaka mwaka 1993, pale Federico Ferreres, Francisco Tomás-Barberán na wenzao wa Murcia, Hispania, mji uliozungukwa na mashamba ya malimau na machungwa, walipotangaza hesperetini kuwa alama ya asali ya michungwa. Hesperetini ni flavonoidi, na haipepei hewani. Katika ua huwa imeshikamana na sukari. Vimeng'enya vya nyuki huikata sukari hiyo, na kinachobaki ndicho kinachopimwa ndani ya asali. Yaani mkemia anayetafuta alama ya ua hana budi kujua pia nyuki atakuwa ameifanya nini njiani.

Kuanzia hapo orodha ilirefuka. Huko Sardinia kuna asali chungu ya mti wa arbutus, ambayo wenyeji huithamini kwa uchungu wake. Mwaka 1999 watafiti wa kisiwa hicho walionyesha kwamba ina asidi ya homojentisiki kwa wingi usioonekana katika asali nyingine. Asali ya chesnati nayo ikapata alama yake, asidi ya kinureniki. Hadubini ilikuwa imeshindwa kuzipima sawasawa asali hizi mbili, moja kwa uhaba wa chavua na nyingine kwa wingi wake.

Wakati huohuo wadanganyifu nao walikuwa wakisonga mbele, na historia ya kulitambua ua haitenganiki na yao. Miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilianza kuuza kwa wingi shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Ukiichanganya na asali, sukari zake hulingana na za asali kiasi kwamba vipimo vya kawaida havishtuki. Msaada ulitoka kwenye utafiti wa miwa. Mwaka 1966, huko Australia, Hatch na Slack walikuwa wameeleza namna muwa unavyovuta kaboni kutoka hewani kwa njia tofauti na mimea mingi. Mahindi hufanya hivyohivyo. Tofauti hiyo huacha alama katika uwiano wa kaboni nzito na nyepesi. Mwaka 1978 White na Landis Doner walionyesha kwamba asali huwa na wastani wa -25.4 kwenye kipimo hicho na shira ya mahindi -9.7. Karibu miti na maua yote yanayolisha nyuki yako upande mmoja, mahindi na miwa upande mwingine. Wadanganyifu walipoona hivyo wakageukia shira ya mpunga na sukari ya viazisukari, mimea iliyo upande uleule wa maua, na kipimo kikawa hakiwaoni.

Chavua nayo ilianza kuchujwa. Baada ya Marekani kuitoza asali ya China ushuru mzito mwaka 2001, asali nyingi ilianza kupitishwa nchi za tatu na kubadilishiwa hati, na nyingine kuchujwa mpaka isibaki na punje ya kusema lolote. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Chicago waliwafikisha mahakamani wakuu wa kampuni kadhaa, wakidai kwamba zimekwepa ushuru wa karibu dola milioni 80. Asali iliyonyang'anywa chavua ni asali iliyonyang'anywa kitambulisho. Tangu hapo kemia ikawa ya lazima hata kwa watu waliokuwa wameridhika na hadubini.

Hakuna mahali ambapo kisa hiki kilifika mbali kama New Zealand.

Huko huota kichaka kiitwacho mānuka. Asali yake ilikuwa kero kwa wafuga nyuki, kwa sababu huwa nzito kama jeli ndani ya sega na haitoki kirahisi mashine ya kukamulia inapozungushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Molan, mwanabiokemia mzaliwa wa Wales aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Waikato, alivutwa na mwalimu mmoja mfuga nyuki kuichunguza. Kwamba asali huua bakteria lilikuwa jambo linalojulikana. White yuleyule wa Philadelphia alikuwa ameonyesha mwaka 1963 kwamba nguvu hiyo hutokana na haidrojeni peroksaidi inayotengenezwa na kimeng'enya cha nyuki. Molan alitia katika asali kimeng'enya kingine kinachoiharibu peroksaidi. Asali za kawaida zikapoteza nguvu. Baadhi ya asali za mānuka zikaendelea kuua bakteria. Mwaka 1988 yeye na mwenzake walichapisha matokeo hayo bila kuweza kusema nguvu hiyo ya ziada ni kitu gani, na kwa miaka 20 iliyofuata dunia iliinunua asali ya mānuka kwa sababu ya kitu kisicho na jina.

Jina lilipatikana mwaka 2008, Dresden, Ujerumani. Elvira Mavric, Thomas Henle na wenzao walipima methiliglioksali katika asali za mānuka na kukuta kati ya miligramu 38 na 761 kwa kilo, ilhali asali nyingine zina chembe tu. Watafiti wa Waikato walifikia jibu hilohilo mwaka huo, na mwaka 2009 wakaeleza chanzo chake: mbochi ya mānuka ina dihidroksiasetoni, nayo hugeuka polepole kuwa methiliglioksali asali inapokaa. Ni asali inayopata nguvu ikiwa ghalani.

Hapo ungedhani kazi imekwisha: pima methiliglioksali, umeipata mānuka. Biashara ilidhani hivyo pia. Lakini dihidroksiasetoni huuzwa viwandani kwa mapipa, kwa ajili ya krimu za kuwapa watu weupe rangi ya waliopigwa na jua. Methiliglioksali nayo hutengenezwa viwandani. Kampuni moja ya Auckland ilishtakiwa na serikali kwa kutia kemikali hizo katika asali, ikakiri na kutozwa faini. Alama ya ua inayoweza kununuliwa dukani haiwezi kulitolea ua ushahidi, hata ikiwa ndiyo iliyompa mnunuzi sababu ya kununua.

Chavua haikusaidia. Mānuka ana ndugu yake, kānuka, ambaye hadi mwaka 1983 wanabotania walimweka katika jenasi moja naye. Vichaka hivyo viwili huota jirani, na chavua zao chini ya hadubini hazitofautishiki. Kwa hiyo wakemia walianza upya, safari hii wakitafuta kampaundi ambazo mdanganyifu hawezi kuziagiza kirahisi. Mwaka 2012 Yoji Kato na wenzake wa Japani walieleza moja ambayo leo huitwa leptosperini, ngumu kutengenezwa na inayokaa katika asali bila kubadilika sana. Wizara ya viwanda vya msingi ya New Zealand nayo ilikusanya zaidi ya sampuli 700 za mimea katika misimu miwili ya maua, na zaidi ya sampuli 800 za asali kutoka New Zealand na nchi nyingine, ikazipima na kuzilinganisha.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2017 na kuanza kutumika kwa asali inayouzwa nje mwaka 2018. Ili iitwe mānuka, asali lazima ipite mitihani mitano kwa pamoja: kampaundi nne za kemia, na DNA ya chavua ya mānuka. Kati ya hizo nne, asidi ya 3-fenilaktiki ndiyo hutenganisha madaraja: kuanzia miligramu 400 kwa kilo ni mānuka pekee, kati ya 20 na 400 ni mchanganyiko. Methiliglioksali, ile iliyoipa asali hiyo bei, haimo katika orodha. Ninaona uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko inavyosemwa na waliolalamika. Kinachotibu na kinachotambulisha ni vitu viwili, na aliyevitenganisha alimtendea haki mnunuzi.

Kemia, hata hivyo, haikumaliza ugomvi wa jina. Kichaka hichohicho huota pia Australia, na wafuga nyuki wa huko huiita asali yao mānuka vilevile. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walidai kwamba neno ni la lugha yao na mmea ni tunu ya mababu zao. Mwaka 2023 ofisi ya New Zealand inayoshughulikia alama za biashara ilikataa kulifunga jina hilo kwa asali ya nchi hiyo peke yake. Vile vipimo vitano vinaweza kusema asali imetoka kwenye mānuka. Swali la nani ana haki ya kulitamka neno hilo sokoni ni la mahakama.

Nchi hiyohiyo ina kisa kingine kinachoonyesha kwa nini hadubini peke yake ingeweza kuua. Kuna mmea uitwao tutu, wenye sumu kali, tutini. Mdudu mmoja mdogo hufyonza maji ya mmea huo na kutoa majimaji matamu nyuma yake. Nyuki, mbochi ikiwa haba, huyakusanya hayo. Hakuna ua lililotembelewa, kwa hiyo hakuna chavua ya tutu katika asali. Sumu imo, shahidi hayumo. Watafiti waliutambua mzunguko huo katika miaka ya 1940, na bado mwaka 2008 watu waliugua kwa asali ya masega iliyotoka eneo la Coromandel. Leo sheria ya huko inaruhusu si zaidi ya miligramu 0.7 za tutini kwa kilo, na njia ya kuijua ni kipimo cha kemia tu.

Nimeieleza habari ya New Zealand kwa kirefu kwa sababu inahusu nchi iliyoamua kulijua ua lake. Sasa niitazame miti ya kwetu.

Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma imetoa asali na nta kwa biashara tangu kabla ya ukoloni. Katika miaka ya 1950 Francis G. Smith, ofisa wa ufugaji nyuki wa Tanganyika, aliichunguza mimea inayolisha nyuki wa nchi hii, akatoa kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto mwaka 1960, na mwaka 1961 akawapa majina ya kisayansi nyuki wa milimani na wa pwani wa Afrika Mashariki. Warina asali wa Kinyamwezi walikuwa wakiijua kazi hiyo yote bila majina ya Kilatini. Walijua mti wa mtundu huchanua lini na wa muba lini, na asali ya msimu upi huwa nyeupe na ya upi huwa nyeusi.

Zana za Ulaya zilipoletwa kwenye asali hii, kipimo cha kwanza kukwama kilikuwa hesabu ya chavua. Kanuni za mwaka 1970 zilitungwa kwa kufikiria asali iliyotolewa kwenye sega kwa mashine ya kuzungusha. Asali ya mizinga ya magome na ya magogo hukamuliwa pamoja na sega lenyewe, na ndani ya sega kuna vyumba ambamo nyuki wameshindilia chavua iwe chakula cha watoto wao. Ukikamua, chavua ile yote huingia. Kanuni zenyewe zinakiri hivyo: asali yenye punje zaidi ya milioni moja katika gramu 10 mara nyingi ni ya kukamuliwa. Hapo hadubini inakuonyesha nyuki walikula nini, na hilo laweza kuwa ua tofauti kabisa na lile walilonyonya mbochi. Kwa asali kama hiyo njia ya kampaundi ina faida kubwa, kwa kuwa alama ya mbochi haitegemei sega lilikamuliwaje.

Ng'ambo ya bahari wapo watu ambao hawajawahi kuuza asali bila kutaja mti. Katika bonde la Du'an, Hadhramaut, walikotoka wengi wa Washihiri waliohamia Lamu, Mombasa na Unguja, asali ya mkunazi huuzwa kwa bei ya juu kabisa. Oman hutofautisha asali ya sidri, ambao ndio mkunazi, na asali ya sumuri, ambao ni mgunga. Mgunga huohuo huota Baringo, Kenya, eneo linalosifika kwa asali. Chavua ya migunga haitoki punje mojamoja. Hushikamana katika mafungu makubwa, na kwa hiyo mtu anayehesabu kwa kanuni za Ulaya bila kulifikiria hilo ataipunja. Mti mmoja huzaa Oman asali yenye jina, na Afrika Mashariki asali ambayo kwenye kibandiko huitwa asali tu.

Mashine mpya zimeikuza tofauti hiyo. Kuna vyombo vya sumaku vinavyosoma kampaundi nyingi za asali kwa mara moja na kuzilinganisha na maelfu ya asali zilizohifadhiwa katika kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba katika sampuli 320 za asali iliyoingizwa Ulaya, 147 zilitiliwa shaka, yaani asilimia 46. Sina shaka kwamba udanganyifu ni mkubwa. Lakini kila mlinganisho una pande mbili, na asali ya mti ambao haumo katika kumbukumbu itaonekana ngeni hata ikiwa haikuguswa. Mashine haina namna ya kujua kama kisichofanana na alichonacho mkaguzi ni shira au ni mtundu.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulibadili sheria yake ya asali: kuanzia tarehe 14 Juni 2026, chupa ya asali iliyochanganywa inapaswa kutaja kila nchi iliyochangia pamoja na asilimia yake, badala ya maneno ya jumla kama "mchanganyiko wa asali kutoka nje ya Umoja". Asali ya Tanzania iliyozoea kuzama katika mchanganyiko huo itatajwa. Ikitajwa, itapimwa.

Maabara zipo. Nairobi, katika kituo cha icipe, ilifunguliwa maabara ya Afrika ya afya ya nyuki mwaka 2014. Arusha kuna kituo cha utafiti cha Njiro. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Kinachotakiwa ni asali za kulinganishia, na hizo hukusanywa msituni kwa mkono. Jioni maua ya mtundu hufunikwa kwa vifuko vya chandarua ili wadudu wasiyanyonye. Asubuhi mbochi huvutwa kwa mirija myembamba kama unywele, tawi hukatwa na kukaushwa lihifadhiwe pamoja na jina lake, na asali ya mizinga ya jirani hurinwa mara tu maua yakiisha, ikiandikwa tarehe, mahali na aina ya mzinga. Kisha hufanywa hivyo kwa muba, kwa mgunga wa Baringo, kwa alizeti ya Singida, na kurudiwa mwaka unaofuata, kwa sababu mvua hubadilika na maua nayo. Mtundu huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, kwa muda mfupi. Wa kuulizwa uko kwenye mabonde gani na utaanza lini ni warina asali.